Josephine Bakhita, Aliyesahau Jina Lake



Kamati ilipotutaka sisi walimu tuandike katika toleo hili la kumbukumbu maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani, tulikaa jioni mbili tukibishana. Wengine walitaka habari za rais fulani. Mmoja alitaka jemadari wa vita, tukamwambia wanajeshi tumewaona wa kutosha. Mwishowe tulimchagua mwanamke ambaye hakutawala hata kijiji kimoja, wala hakuandika kitabu kwa mkono wake, na kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kupika, kushona na kufungua mlango. Ni Josephine Bakhita, mzaliwa wa Sudan, aliyefariki nchini Italia mwaka 1947.

Sababu ya kumchagua ilitoka darasani. Kila mwanzo wa mwaka tunaita majina ya wanafunzi, na kila mwaka wapo watoto wanaotutazama tu jina linapoitwa. Jina hilo liliandikwa na karani jinsi alivyolisikia siku ile ya kuvuka mpaka, katika mvua na kelele. Yupo mtoto wa darasa la tatu anayebeba jina la mama aliyemwokota njiani. La baba yake halijui. Tuliposoma kwamba Bakhita naye hakujua jina alilopewa na wazazi wake, tukanyamaza kidogo, kisha ubishi ukaisha.

Alizaliwa yapata mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, huko Darfur, magharibi ya Sudan. Watu wake walikuwa wakulima na wafugaji, na jamaa yake iliheshimiwa, kwa maana baba yake alikuwa ndugu wa mkuu wa kijiji. Alikuwa na kaka na dada kadhaa. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba utotoni hakujua huzuni ni kitu gani. Huzuni ya kwanza ilikuja siku wateka watumwa walipovamia kijiji na kumchukua dada yake mkubwa. Kilio cha mama yake siku ile hakikumtoka masikioni hata uzeeni.

Zamu yake ilifika yapata mwaka 1877, akiwa na umri wa miaka saba, minane au tisa. Alikuwa amekwenda nje kidogo ya kijiji pamoja na rafiki yake. Wakatokea watu wawili. Walimwambia yule rafiki aendelee na njia yake, na huyu mdogo wakamtuma akawachukulie mzigo walioudai wameuacha porini. Alikwenda kwa adabu kama mtoto yeyote aliyefundishwa kuwatii wakubwa. Huko porini walimshika na kumwonyesha kisu. Walipomwuliza jina lake, hofu ilimfunga kinywa asiweze kutoa neno. Basi wakampa jina wao wenyewe, wakamwita Bakhita.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa maana sisi wasemaji wa Kiswahili jina hilo si geni kwetu. Bakhita kwa Kiarabu ni mwenye bahati, na neno letu bahati linatoka katika mzizi huo huo. Katika shule yetu tunao akina Bahati wasiopungua tisa, wavulana kwa wasichana, waliopewa jina hilo na wazazi waliofurahi. Yeye alipewa na watu waliokuwa wanakwenda kumwuza.

Tena tusidhani habari hizi ni za mbali. Sisi tuliotoka Kivu na Maniema tunajua kwamba katika miaka hiyo hiyo Nyangwe na Kasongo vilikuwa vituo vya misafara ya pembe za ndovu na watumwa, na kwamba njia ilivuka ziwa hadi Ujiji, ikapita Tabora, ikashuka Bagamoyo. Lugha hii tunayoiandika ilifika kwetu kwa njia hizo. Wala asiwepo wa kuigeuza habari hii kuwa ugomvi wa dini hapa kambini, ambapo msikiti na kanisa vinatumia bomba moja la maji. Katika biashara ile walikuwamo Waarabu, walikuwamo Waturuki na Wamisri, walikuwamo Wazungu walionunua pembe na kuleta bunduki, na walikuwamo Waafrika waliowauza majirani zao.

Bakhita alifungiwa katika chumba kidogo chenye giza, kisha akauzwa kwa mfanyabiashara na kuungwa na msafara. Alitembea kwa miguu mitupu karibu kilomita 960 hadi mji wa El Obeid. Njiani alijaribu kutoroka pamoja na msichana mwingine. Wakakimbia usiku wote, wakidhani wanaelekea kwao. Walikutana na mtu aliyejifanya mwema, akawapa chakula, kisha akawafunga minyororo kati ya kondoo wake hadi alipompata mnunuzi. Wasomaji wetu waliopita porini usiku wanaelewa jambo hili bila maelezo mengi: kuna mtu anayekupa maji akuokoe, na kuna anayekupa maji akuuze, na usiku huwezi kuwapambanua.

Huko El Obeid aliwekwa katika nyumba ya tajiri, kuwatumikia mabinti wake. Siku moja alimkosea mtoto wa kiume wa bwana huyo, naye akampiga kwa namna ambayo binti huyo alilala zaidi ya mwezi mmoja bila kuweza kuinuka. Baadaye alinunuliwa na jemadari wa Kituruki. Mama na mke wa jemadari huyo walikuwa wakali kupita kiasi. Kwa amri yao Bakhita alichanjwa chale. Mchoro ulipigwa mwilini kwa unga mweupe, kisha mistari ikapasuliwa kwa wembe, kisha chumvi ikasuguliwa ndani ya vidonda ili makovu yasifunge vizuri. Alama 114, kifuani, tumboni na katika mkono wa kulia. Alizibeba hadi kaburini.

Hatutaendelea na habari za mateso. Tunazo zetu.

Mwaka 1883, jemadari alipokuwa akirudi kwao, Bakhita aliuzwa mjini Khartoum kwa Callisto Legnani, makamu wa balozi mdogo wa Italia. Kwa mara ya kwanza tangu atekwe, alikaa katika nyumba ambamo hakupigwa. Akapewa nguo. Legnani alijaribu hata kumtafutia kwao, lakini msichana hakuweza kutaja jina la kijiji wala jina lake mwenyewe, hivyo hapakuwa na pa kuanzia. Kisha majeshi ya Mahdi yakauzunguka mji wa Khartoum, na Legnani akalazimika kuondoka. Bakhita alimsihi amchukue. Wakasafiri kwa ngamia hadi bandari ya Suakin kwenye Bahari ya Shamu, na mwaka 1885 wakavuka bahari na kushuka Genoa.

Kumbe hata hapo hakuwa huru. Legnani alimtoa kama zawadi kwa mke wa rafiki yake, Augusto Michieli, ambaye nyumba yake ilikuwa Zianigo, karibu na Venice. Mtu mwema kumtoa mtu mwingine kama zawadi! Tunalitaja hili kwa sababu wema wa namna hiyo upo hata leo, wema unaokulisha na kukuvika lakini haukuulizi wewe unataka kwenda wapi.

Katika nyumba ya akina Michieli alipewa kazi ya kumlea mtoto mchanga, Alice, aliyeitwa kwa mapenzi Mimmina, aliyezaliwa mwaka 1886. Bakhita alimpenda kama wa kumzaa. Kwa miezi michache walirudi wote Suakin, ambako bwana Michieli alikuwa na hoteli, kisha wakarejea Italia. Mwisho wa mwaka 1888 mke wa Michieli ilimbidi aende tena Suakin kwa mumewe. Msimamizi wa mali zao, Illuminato Checchini, akashauri kwamba Mimmina na mlezi wake wakae kwa masista wa Canossa mjini Venice. Checchini ndiye aliyekuwa amempa Bakhita msalaba mdogo wa fedha. Bakhita hakujua mtu yule msalabani ni nani, lakini aliuficha asije akanyang'anywa, na huo ukawa mali yake ya kwanza tangu aondolewe kwao.

Tarehe 29 Novemba 1888 wakaingia katika nyumba ya wakatekumeni ya masista hao. Hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Kanisani mara nyingi tunasikia uongofu ukisimuliwa kama radi: mtu anaanguka, anainuka mwingine. Kwa Bakhita haikuwa hivyo. Alikuwa na swali tangu utotoni. Kule Olgossa alikuwa akitazama jua, mwezi na nyota na kujiuliza ni nani bwana wa vitu hivi vizuri, akatamani kumwona na kumsujudia. Swali hilo lilitembea naye kilomita zile zote. Masista hawakumletea kitu kigeni. Walimpa jina la yule aliyekuwa anamtafuta. Kisha wakamwonyesha kwamba huyu Bwana wa nyota naye alifungwa, akavuliwa nguo, akapigwa mijeledi na watumishi wa wakubwa. Yeye alikuwa ametumikia mabwana wengi, na wengi wao walikuwa wenye kupiga. Hakuwahi kumsikia bwana aliyepigwa. Papa Benedikto wa 16, katika waraka wake wa mwaka 2007 juu ya matumaini, alianza na maisha ya mwanamke huyu, akieleza kwamba alipata tumaini siku alipojua kwamba yupo anayemjua, anayempenda na anayemngoja.

Kungojwa na mtu ni jambo kubwa. Sisi tunaoishi kwa kungoja, tunangoja mgao, tunangoja kuitwa kwa mahojiano, tunangoja habari kutoka nyumbani, mara chache tunafikiri kwamba yuko anayetungoja sisi.

Mwaka uliofuata bibi Michieli alirudi kuwachukua mtoto na mlezi wake. Bakhita akakataa. Msichana huyu, ambaye kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyemwuliza lolote, alisema hapana mbele ya bibi yake. Alieleza kwamba anampenda bibi, na kuachana na Mimmina kunamvunja moyo, ila hatoki katika nyumba hiyo kwa sababu hataki kumpoteza Mungu aliyempata. Bibi alimsihi, alikasirika, akarudi tena. Masista wakapeleka shauri kwa wakubwa, na likaamuliwa mbele ya mwakilishi wa sheria wa Mfalme na Patriarka wa Venice. Tarehe 29 Novemba 1889 ikatamkwa kwamba sheria ya Italia haitambui utumwa, na tena kwamba huko Sudan utumwa ulikuwa umepigwa marufuku kabla ya Bakhita kuzaliwa, kwa hiyo kisheria hajawahi kuwa mtumwa hata siku moja.

Tuliposoma hayo mbele ya wanafunzi wa darasa la sita walicheka, na hatukuwakemea. Alama 114 mwilini, na karatasi inasema hukuwahi kuwa mtumwa! Hata hivyo tusiidharau karatasi. Anayejua thamani ya karatasi yenye muhuri ni mkimbizi. Karatasi ile haikumrudishia miaka kumi na miwili, lakini ilimpa kitu kimoja: tangu siku hiyo, kila alilotumikia alilitumikia kwa kuchagua. Mimmina akaondoka na mama yake, analia. Bakhita akabaki, analia naye.

Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa, akapata kipaimara na komunyo ya kwanza siku hiyo hiyo. Jina la ubatizo likawa Josephine Margaret, na pamoja nalo Fortunata, ambalo ni lile lile la mwenye bahati, kwa Kilatini. Wangeweza kulitupa jina la wateka watu, lakini halikutupwa. Lilibatizwa pamoja naye. Masista walimwona mara nyingi baada ya hapo akikibusu kisima cha ubatizo, akisema kwamba mahali hapo ndipo alipofanywa binti wa Mungu. Mtu asiyejua jina la baba yake alikuwa na sababu yake ya kukibusu kile kisima.

Mwaka 1893 aliingia unovisi, na tarehe 8 Desemba 1896 akaweka nadhiri. Mwaka 1902 akatumwa Schio, mji wa viwanda vya sufu katika jimbo la Vicenza, na huko akakaa karibu maisha yake yote yaliyosalia.

Alifanya nini huko Schio? Hapa wasomaji wanaopenda habari za miujiza watatuvumilia. Alipika, na kwa wagonjwa alihakikisha chakula kinafika kikiwa cha moto. Alishona, alitarizi, alitunza sakristia. Kisha akawa bawabu, yaani msimamizi wa mlango wa nyumba ya watawa. Watoto walioingia asubuhi kwenda kusoma aliwawekea mkono kichwani. Maskini waliobisha hodi aliwapokea kwa sauti yake ya chini, na wenye huzuni walipenda kukaa naye kidogo kabla ya kwenda zao. Mwanzoni watu wa Schio walimshangaa, kwa maana wengi wao hawakuwahi kumwona mtu mweusi. Baadaye wakamwita kwa lahaja yao Madre Moretta, yaani mama yetu mweusi, na yeye akajifunza kuzungumza lahaja hiyo hiyo ya Veneto kama mwenyeji. Katika vita vya kwanza vya dunia sehemu ya nyumba yao iligeuzwa hospitali ya askari waliojeruhiwa, naye akawahudumia. Alikuwa ameumizwa katika nyumba ya jemadari, na sasa alikuwa akipeleka supu kwa watu wa bunduki.

Mwaka 1910, kwa kuagizwa na mkuu wake, alisimulia maisha yake kwa mara ya kwanza, na sista mwenzake akayaandika. Mwaka 1931 kikatoka kitabu cha maisha yake kilichoandikwa na Ida Zanolini, na sifa zake zikaenea Italia nzima. Tangu hapo hakupata tena utulivu aliokuwa nao. Miaka ya 1930 alizungushwa miji mingi akatoe ushuhuda na kuwatayarisha masista vijana waliokuwa wanakwenda Afrika. Hakupenda kusimama mbele ya watu. Mara nyingi alisema maneno machache tu, na sista mwenzake ndiye aliyehutubia. Alitii, lakini waliomjua wanasimulia kwamba furaha yake ilikuwa kurudi Schio, mlangoni pake.

Sisi tunaamini jambo hilo kabisa. Ndugu zetu wa mashirika wanajua jinsi wageni wanavyoletwa kambini na jinsi mmoja wetu anavyoombwa asimulie yaliyompata, mbele ya kamera, kwa dakika tano. Anasimulia, kwa maana kusimulia kunaweza kuwasaidia wengine. Kisha anarudi nyumbani, na siku mbili hataki kuongea. Ukimwomba mtu huyo huyo akusaidie kugawa dawa ya minyoo kwa watoto, anakuja anaimba. Bakhita aliposimulia alikuwa mtu aliyefanyiwa mambo. Pale mlangoni alikuwa mtu anayefanya. Ndiyo maana tunadhani furaha yake haikutoka katika kupata tena alivyonyang'anywa. Hakuvipata. Hakurudi Darfur, hakumwona tena mama yake wala dada yake, na jina lake halikumrudia. Furaha ilimkuta kwenye kazi ya kuwafungulia wengine, baada ya kujua ni kwa ajili ya nani anaifanya.

Sasa tunafika mahali palipotugawa. Inajulikana kwamba alipoulizwa angefanya nini kama angekutana na wale waliomteka na kumtesa, alijibu kwamba angepiga magoti na kuibusu mikono yao, kwa kuwa bila mambo hayo asingekuwa Mkristo wala mtawa. Tuliposoma rasimu hii mbele ya kikundi cha kina mama, mama mmoja aliyewazika wanawe wawili njiani alisimama akatoka nje. Mwingine akasema kwamba kama ndivyo, basi tusiandike. Tulirudi na daftari zetu tukiwa tumeinamisha vichwa.

Tumeandika hata hivyo, na yatupasa kusema kwa nini. Kwanza, maneno yale aliyasema mwenyewe, akiwa huru, mzee, ana chakula, ana mlango anaoweza kuufunga usiku. Hakuna aliyempiga ili asamehe. Wanaomchukua Bakhita na kumfanya fimbo ya kuwanyamazisha waliodhulumiwa, ili wenye kudhulumu wasiulizwe, wanamtumia kama walivyomtumia mabwana wake wa zamani. Pili, hakusema kwamba minyororo ilikuwa mizuri. Alipokuwa mgonjwa wa mwisho, akili yake ikizunguka kwa homa, alirudi katika siku za utumwa na kumsihi sista aliyemwuguza ailegeze minyororo, kwa kuwa ni mizito. Zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita, naye bado aliisikia miguuni. Kwa hiyo mama yule aliyetoka nje hajapungukiwa imani kwa kuwa bado anasikia. Bakhita naye alisikia mpaka mwisho, na asubuhi kwa asubuhi alikwenda mlangoni hivyo hivyo.

Mama yule alirudi kikundini juma lililofuata. Hatukumwuliza neno.

Miaka ya mwisho Bakhita aliugua sana, akakaa katika kiti cha magurudumu. Vita vya pili vilipoufikia mji wa Schio na mabomu kuanguka, watu wa mji walijipa moyo kwamba maadamu mama yao mweusi yupo kati yao, watalindwa. Alifariki jioni ya tarehe 8 Februari 1947, akilitaja jina la Bikira Maria. Mji wote ulikuja kumwaga, wenye viwanda na wafanya kazi wao. Mtoto aliyeuzwa mara kadhaa bila kuulizwa alizikwa na mji mzima uliokataa kumwachilia upesi.

Yaliyofuata ni ya kanisa, tutayapita kwa haraka. Alitangazwa mwenye heri tarehe 17 Mei 1992. Mwezi Februari 1993 Papa Yohane Paulo wa Pili alifika Khartoum, mji ambamo Bakhita aliuzwa kama mnyama, akamheshimu huko mbele ya Wasudan wenzake. Tarehe 1 Oktoba 2000 akaandikwa katika orodha ya watakatifu. Tangu mwaka 2015 kanisa Katoliki limeifanya siku ya kufariki kwake kuwa siku ya sala kwa ajili ya watu wanaouzwa na kusafirishwa kwa hila. Na siku hiyo si ya kale. Vijana wetu wanaoahidiwa kazi ng'ambo na watu wasiotaja majina yao kamili waisome upya ile habari ya mzigo uliosahauliwa porini.

Kuhusu Darfur yenyewe, tunasikitika. Tangu vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, watu wa huko kwa mamia ya maelfu wamekimbilia Chad, nao wako makambini kama sisi. Wapo kati yao wasichana wenye umri ule ule aliokuwa nao Bakhita siku ya kutekwa.

Mtoto wetu wa darasa la tatu tulimsomea sehemu ya habari hii, kwa maneno mepesi. Aliuliza kitu kimoja tu: je, yule mama alikasirika watu wakimwita kwa jina ambalo si lake? Tulimjibu kwamba alilikubali. Akafikiri, akasema basi na yeye atalikubali lake, ila siku moja ataongeza jingine atakalolichagua mwenyewe. Tumemwachia nafasi katika daftari la majina.

Tarehe 8 Februari, baada ya sala za asubuhi, watakaopenda kuwatembelea wagonjwa na wazee wa vijiji vyetu vyote vya kambi, kuwachotea maji na kuwachukulia mgao wasioweza kusimama mstarini, wajiandikishe. Hakuna posho. Dini haiulizwi, wala wakati wa kujiandikisha wala wakati wa kumchagua wa kumsaidia. Orodha imebandikwa kwenye mlango wa darasa la tano, na kalamu imefungwa hapo kwa uzi.